Simu ni Yangu, Zamu ni ya Nani? Historia Fupi ya Hasira za Masasisho


Mtu wa historia akisema anaandika juu ya masasisho ya simu, wenzake wa fani humtazama kwa huruma. Historia, wanasema, ni misafara, masultani na vyama vya kupigania uhuru. Simu ni mambo ya vijana na mafundi wa vibarazani. Mie sioni hivyo. Katika mji huu nimesikia watu wazima, wenye shahada na wasio nazo, wakigombana na wauzaji madukani kwa sababu simu ya jirani imepata mfumo mpya na yao haijapata, au kwa sababu yao imepata na asubuhi yake ikaamka mgonjwa. Ukisikiliza vizuri, ugomvi wenyewe hauhusu programu, unahusu umiliki. Nikinunua kiti, seremala hana tena neno juu yake. Nikinunua simu, kuna watu watatu au wanne, wote wako mbali na wote siwajui, ambao bado wana uwezo wa kuigeuza usiku nikiwa nimelala, au wa kukataa kuigeuza hata nikiwasihi. Bidhaa ya namna hiyo babu zetu hawakuijua. Jinsi ilivyoingia mikononi mwetu ni habari yenye tarehe zake, basi ni historia kama nyingine.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Durban ni mji uliozoea habari zinazokuja kwa zamu. Pigano la Isandlwana lilikuwa tarehe 22 Januari 1879, na London haikupata habari zake mpaka 11 Februari, kwa kuwa waya wa telegrafu haukuwa umefika pande hizi na habari ilibidi ipande meli. Kabla mwaka ule haujaisha, waya ulikuwa umetandazwa chini ya bahari kutoka Aden kupitia Zanzibar, Msumbiji na Delagoa Bay (Maputo ya leo) mpaka hapa Durban. Yaani Unguja na Durban zimekuwa ndugu wa waya mmoja tangu karne ya kumi na tisa, jambo ambalo wanafunzi wangu wakiambiwa hudhani ninatania. Lakini si kila mtu alipeleka neno lake kwa zamu iliyo sawa. Mapatano ya kimataifa ya telegrafu, tangu mkutano wa Paris wa 1865, yaliweka telegramu za serikali mbele ya zile za raia. Foleni ilikuwa na madaraja, na madaraja hayo yaliandikwa wazi kwenye kanuni, kila karani akayajua. Foleni ya simu zetu za leo nayo ina madaraja, ila mteja hapewi karatasi ya kuyasoma.

Tuje sasa kwenye simu zenyewe. Simu za mkononi zilianza Afrika Kusini mwaka 1994, mwaka ule ule wa uchaguzi, kwa kampuni mbili, Vodacom na MTN. Cell C ikafuata 2001. Mtindo uliowakamata wenye mishahara ni mkataba wa miezi 24: unachukua simu ati ya bure, kisha unailipia kidogo kidogo mpaka umalize. Hapo ndipo kisa kilipoanzia. Simu ile haikutoka kiwandani ikaja kwako moja kwa moja. Ilipitia kwa kampuni ya mtandao, ikatiwa nembo yake, ikawekewa vitufe na kurasa za kuuzia milio na picha. Kwa hiyo programu mpya ilipotoka nayo ilipita njia ile ile: mtengenezaji anaiandaa, kampuni ya mtandao inaijaribu na kuitia nembo, ndipo uletewe wewe. Kampuni ya mtandao ikichelewa, au ikiona simu hiyo imeshauzwa na haina faida mpya, basi hapo hapo njiani programu inalala.

Wale wa umri wangu mtakumbuka Nokia. Kila simu yake ilikuwa na namba ya bidhaa iliyoeleza ni ya soko gani, ya rangi gani, na ya kampuni ipi ya mtandao. Toleo jipya lilipotoka, lilitoka kwa baadhi ya namba kwanza. Simu isiyo na nembo iliyonunuliwa Ulaya mara nyingi ilipata mapema. Ndugu yake wa mkataba, ingawa kiwanda ni kimoja na vyuma ni vile vile, alingoja. Watu wakagundua kwamba ukiiunganisha simu na kompyuta na kutumia programu fulani ya mafundi, unaweza kuibadilisha namba ile, simu ikajitambulisha kuwa ya nchi nyingine, na toleo likaja. Kwenye BlackBerry ilikuwa vivyo hivyo kwa njia nyingine. Kila kampuni ya mtandao ilitoa ruhusa kwa matoleo yake, lakini ukilipakua toleo la kampuni ya nchi nyingine na kulifuta faili moja dogo kwenye kompyuta, lililoitwa vendor.xml, kizuizi kilikuwa kimeondoka. Faili lenye ukubwa wa aya mbili ndilo lililokuwa linaamua nani apate na nani asubiri!

Sisi tulioishi na pasipoti zisizofungua milango tuliuelewa mchezo huo haraka kuliko wenzetu. Simu zilikuwa zinabadilishiwa uraia ili zivuke mpaka. Nami naona huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kilichowaudhi watu hakikuwa ugumu wa ufundi. Toleo lilikuwepo, simu iliweza kulibeba, na lililozuia lilikuwa ni jina la soko.

Kisa kinachofaa kukumbukwa kuliko vyote ni cha Agosti 2010, na kilitokea Uingereza. Wateja wa Vodafone waliokuwa na simu ya HTC Desire walikuwa wakisubiri toleo la 2.2 la Android, ambalo wenye simu kama hiyo isiyo na nembo walikwisha kulipata. Siku moja taarifa ikatokea kwenye kioo: kuna sasisho. Wakalipakua kwa furaha. Kumbe halikuwa toleo la 2.2, lilikuwa kifurushi cha programu za Vodafone yenyewe, nembo zake na viungo vya kurasa zake, na wengine hawakuweza hata kuzifuta. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ilirudi nyuma na kuahidi kuwapa watu toleo safi lisilo na nembo. Nakitaja kwa sababu Vodafone si mgeni kwetu: ndiyo yenye hisa nyingi kwenye Vodacom ya hapa, na kwa njia hiyo iko ndani ya Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya. Wateja wa Uingereza walipiga kelele, wakasikilizwa ndani ya siku chache. Mteja wa Umlazi au wa Mbagala angepiga kelele kwa nani?

Mwaka uliofuata, Mei 2011, Google ilisimama mbele ya hadhara ya waandishi wa programu na kutangaza kwamba imekubaliana na watengenezaji na kampuni za mtandao: simu mpya za Android zitaletewa matoleo mapya kwa miezi 18, ikiwa vyuma vyake vinaruhusu. Watu walishangilia. Mie nilichukua kalamu. Mkataba wa Afrika Kusini ulikuwa wa miezi 24. Ukitoa 18 inabaki sita, yaani hata ahadi ikitimizwa yote, nusu mwaka utakuwa unalipia simu iliyokwisha kutelekezwa na waliokuuzia. Tena miezi 18 ilihesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, si tangu siku uliyoichukua wewe dukani. Lakini hata hivyo hesabu hiyo haikuwa na maana, maana ahadi yenyewe ilififia kimyakimya.

Apple walikwenda njia nyingine. Tangu 2007 walizikatalia kampuni za mtandao kutia mkono ndani ya mfumo wao, kwa hiyo sasisho likitoka linatoka kwa wote siku moja, Durban na Chicago sawa. Kwa hilo wanastahili sifa. Ila bwana mmoja badala ya watatu hakukufanya wewe kuwa huru. Mwaka 2010 toleo la iOS 4 liliifanya iPhone 3G kuwa nzito kama imefungwa jiwe, na aliyetaka kurudi kwenye toleo la zamani alizuiliwa, kwa kuwa Apple huacha kuyaidhinisha matoleo yaliyopita. Kubwa zaidi lilikuja Desemba 2017, kampuni ilipokiri kwamba toleo la iOS 10.2.1, la Januari mwaka huo, lilikuwa likipunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka. Sababu waliyoitoa, kwamba simu zilikuwa zinazimika ghafla, ilikuwa ya kweli. Lakini hawakuwa wamewaambia wenye simu. Maelfu ya watu walinunua simu mpya ilhali kilichohitajika kilikuwa betri. Wakaomba radhi, bei ya kubadilisha betri ikashuka kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Italia ikawatoza faini Oktoba 2018, euro milioni 10 kwa Apple na milioni 5 kwa Samsung (hawa kwa kuwashawishi wenye Galaxy Note 4 wapakue toleo ambalo simu haikuliweza). Ufaransa ikatoza Apple euro milioni 25 mwaka 2020.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Kugawa sasisho kwa mafungu, watu wachache leo, wengine wiki ijayo, kuna hekima yake. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa toleo la iOS 8.0.1 kwa wote, na simu mpya za iPhone 6 zikapoteza mtandao papo hapo. Liliondolewa siku ile ile, lakini waliokwisha kupakua walikwisha kuumia. Na wote tunakumbuka 19 Julai 2024, sasisho moja la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike lilipoangusha mashine milioni 8 na nusu na kusimamisha viwanja vya ndege duniani. Kwa hiyo mhandisi anayesema "tuanze na wachache" si mwongo. Ninachouliza ni kwa nini hao wachache wa kwanza na hao wengi wa mwisho hufuata ramani ambayo sisi tunaijua tangu zamani.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu havilitaji. Sasisho si bure. Simu inakuambia: unganisha na waifai, chomeka kwenye umeme, ulale. Aliyeandika maneno hayo alikuwa na nyumba fulani akilini. Mpaka Machi 2020 gigabaiti moja ya siku 30 kwa Vodacom na MTN ilikuwa randi 149. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kumeza zaidi ya gigabaiti hiyo moja kwa mkupuo. Mlinzi wa usiku au mama anayeuza mahindi ya kuchoma pale Warwick atafanya nini? Atabonyeza "nikumbushe baadaye", na atabonyeza hivyo mwaka mzima. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilichunguza bei za data tangu 2017, na ripoti yake ya Desemba 2019 ilisema jambo ambalo kila mwenye laini ya kulipia kabla alilijua mfukoni: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila megabaiti kuliko anayenunua kwa wingi. Tume ikataka bei zishuke kwa asilimia 30 hadi 50, na Aprili 2020 ile gigabaiti ikashuka hadi randi 99. Nafuu, ndiyo. Halafu ongeza mgao wa umeme, ambao mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko miaka yote, uone hilo sharti la kuchomeka usiku kucha lilivyokuwa linaleta kicheko.

Fundi mmoja ninayemjua katikati ya mji, karibu na barabara ya Dr Pixley KaSeme (wazee bado wanaiita West Street), Mswahili mwenzetu kutoka Kigoma, aliniambia wateja wake wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaokuja na simu iliyojisasisha ikakwama, na kuna wanaokuja wakimwomba awafungie masasisho yasije kamwe. "Hawa wa pili, profesa, nikiwaambia ni hatari wananiuliza: hatari ya nani?" Jibu sikuwa nalo la haraka, lakini historia inalo moja.

Julai 2015 ilitangazwa kasoro ya Android iliyopewa jina Stagefright, ambayo ilimwezesha mhalifu kuingia kwenye simu kwa kukutumia ujumbe wa picha tu. Baada ya hapo Google na Samsung wakaahidi viraka vya usalama kila mwezi. Chama cha walaji cha Uholanzi, Consumentenbond, kikaona ahadi hazifiki kwa wenye simu, kikaipeleka Samsung mahakamani Januari 2016. Mei 2018 mahakama ya The Hague ikalitupa dai hilo: haiwezi, ilisema, kuiamuru kampuni juu ya matendo ambayo bado hayajatokea. Upande wetu wa dunia kasoro zilikuwa na sura nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Secure-D walieleza kwamba simu za bei nafuu za Tecno W2, zilizouzwa Afrika Kusini na nchi nyingine za Kiafrika, zilikuwa na programu hasidi ndani yake tangu mpya, ikimaliza data za watu na kuwaandikisha huduma wasizoziomba. Transsion, wenye Tecno, walimlaumu mtu fulani njiani kati ya kiwanda na duka, na wakajibu kwamba marekebisho walikwisha kuyatoa, ya kwanza tangu 2018. Ona basi: dawa ilikuwepo miaka miwili. Lakini mwenye simu ilibidi aijue, aitafute, na ailipie data ya kuipakua, ilhali data yake ndiyo iliyokuwa ikiibwa.

Sisi tunaoishi nje tuna sehemu yetu katika foleni hii. Simu tunazozichoka huteremka kwa ndugu nyumbani. Dada yangu yuko Tanga, na ana simu iliyotoka kwangu, nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Mwaka juzi programu ya benki moja ikamwambia kwamba mfumo wa simu yake umepitwa na wakati, akaifungue tena kwenye simu mpya zaidi. Fedha zake zipo, simu ipo, mtandao upo, hakuna kilichoharibika. Akapanga foleni dirishani kama mwaka 1985. WhatsApp nao huacha kuhudumia mifumo ya zamani kila baada ya muda: Februari 2020 zilianguka Android zilizo chini ya toleo la 4, na Mei 2025 iPhone zisizofika iOS 15.1. Kwa Toronto hiyo ni habari ya ukurasa wa ndani. Kwa nyumba inayopokea habari za msiba na za karo kwa WhatsApp, ni mlango kufungwa. Neno tulilolichukua, kusasisha, limejengwa juu ya "sasa", na mie huwa najiuliza sasa ya wapi, maana ya Tanga hutangulia kwisha.

Mambo yamebadilika, sikatai. Mwaka 2017 Google ilitenganisha sehemu za Android ili mtengenezaji asilazimike kungoja wa vyuma kila mara. Oktoba 2023 Google ikaahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikafuata kwa Galaxy S24. Kuna wanaosema ni ukarimu. Mie naona ni ushindani, pamoja na sheria zilizokuwa zinanusa mlangoni. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, mtengenezaji lazima aeleze simu italetewa viraka vya usalama kwa muda gani. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unadai miaka isiyopungua mitano baada ya simu ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Miaka saba, hata hivyo, ni ya simu za bei kubwa. Zile ambazo wengi wetu huzinunua hupewa michache zaidi.

Afrika Kusini ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008, iliyoanza kutumika 2011, na ni sheria nzuri kwa mambo mengi. Inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro. Inazuia mkataba wa kawaida wa mlaji usizidi miezi 24. Juu ya masasisho ya simu haina neno. Mwezi uliopita niliingia dukani nikamwuliza kijana muuzaji simu aliyonishikisha italetewa programu mpya mpaka mwaka gani. Akaligeuza boksi pande zote sita. Kulikuwa na namba ya utambulisho, nchi ilikotengenezwa, uzito wa chaja. Akamwita meneja wake, naye akaligeuza pia.

Ninakusanya kumbukumbu za miaka ile ya Nokia na BlackBerry kwa upande wa Mombasa, Dar na Muscat, hasa za mafundi waliokuwa wakibadilisha namba za bidhaa na bei walizotoza. Aliye nazo aniandikie, hata kama ni mistari miwili.

Wasalaam.